Cheche Juu ya Kichwa cha Mpagazi: Simu ya Upepo na Mpaka wa Tunduma

Katika vitabu vyetu vya shule redio ina baba mmoja, naye ni Marconi. Mwanafunzi hukariri jina, mwaka na nchi, huandika katika karatasi ya mtihani, hupata alama zake, basi. Sina ugomvi na Marconi. Ugomvi wangu ni na namna hiyo ya kusimulia, kwa kuwa humfanya kijana wa Vwawa, Mlowo au Tunduma aamini kwamba uvumbuzi huo ulifanyika na kukomaa mbali naye kabisa, na kwamba yeye aliingia katika habari hiyo mwishoni, akiwa mnunuzi wa redio ya mkononi. Sivyo ilivyokuwa. Uwanda huu ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambao sehemu yake kubwa leo tunaiita Mkoa wa Songwe, uliingia katika historia ya mawasiliano ya umeme mapema sana, na watu wake waliilipia historia hiyo kwa mabega, kwa vichwa na kwa uhai.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Neno simu limetufikia kutoka Uajemi, ambako maana yake ni waya. Wazee wetu walipoambiwa kwamba sasa habari zinasafiri bila waya, hawakuona haya kuunda msemo unaojipinga wenyewe: simu ya upepo, yaani waya wa upepo. Msemo huo umekwisha kuzeeka, na vijana wengi hawaujui. Mimi naupenda kuliko neno redio, kwa sababu unaonyesha watu waliokuwa wakijaribu kukielewa kitu kipya kwa akili zao wenyewe.

Kitu hicho kilikuwa nini hasa? Mwanzoni kilikuwa cheche. Kati ya mwaka 1887 na 1888 Heinrich Hertz, katika mji wa Karlsruhe, alichukua koili yenye nyaya za aina mbili: zile nene zilizozungushwa mara chache, na zile nyembamba zilizozungushwa maelfu ya mara. Mkondo wa betri ulipokatwa ghafla katika waya mnene, waya mwembamba ulitoa volti elfu nyingi kwa kufumba na kufumbua. Volti hizo zilikimbilia kwenye pengo dogo kati ya vifundo viwili vya madini, hewa ya pengo ikapasuka, cheche ikaruka. Pembeni yake Hertz aliweka fimbo mbili za shaba, moja kila upande wa pengo. Hiyo ndiyo antena ya kwanza. Upande wa pili wa chumba aliweka pete ya waya yenye pengo jembamba, na kila cheche kubwa iliporuka, kicheche kidogo kilionekana katika pete ile isiyogusana na kitu chochote. Kwa hiyo redio ilizaliwa na wazazi wawili, wala mmoja hafai bila mwenziwe: mtambo wa kutoa mapigo mafupi ya volti kubwa, na antena ya kuyageuza mapigo hayo kuwa mawimbi.

Cheche ni kama nyundo, na antena ni kama kengele. Nyundo hupiga mara moja, kengele huendelea kulia kwa muda kisha sauti ikafifia. Kengele ikiwa fupi hulia kwa sauti nyembamba, ikiwa kubwa hulia kwa sauti nzito. Vivyo hivyo antena fupi hutoa mawimbi mafupi na antena ndefu hutoa mawimbi marefu. Marconi, tangu 1895, aliona kwamba akiinua waya mrefu juu na kuuzika mwisho wake mwingine ardhini, ishara hufika mbali zaidi. Tarehe 12 Desemba 1901 alitangaza kwamba amepokea huko Newfoundland herufi moja iliyorushwa kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mjerumani Ferdinand Braun alikwisha kuonyesha mwaka 1898 namna ya kuitenga cheche na antena ili nguvu isipotee bure, na mwaka 1909 wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 Max Wien akagundua kwamba cheche ikizimwa mapema, kengele hulia vizuri zaidi. Mitambo ya kampuni ya Telefunken iliyotumia ugunduzi huo ilisikika katika masikio ya mpokeaji kama filimbi badala ya mkwaruzo. Hata jina la Telefunken ni cheche za mbali, maana kwa Kijerumani Funken ni cheche.

Nitaongeza jina moja ambalo halimo katika vitabu vyetu, nalo ni la Jagadish Chandra Bose wa Kalkuta. Mwaka 1895, katika India iliyokuwa chini ya Waingereza, alionyesha hadharani mawimbi ya milimita chache tu, akayaelekeza kwa antena zenye umbo la pembe, mdomo mpana na shingo nyembamba. Sisi wa nchi ya siwa na mbiu ya mgambo tungeielewa antena hiyo bila mwalimu. Bose hakuwa tajiri wa hataza, na dunia ilimsahau kwa muda mrefu. Nimemtaja ili mwanafunzi wangu asidhani kwamba kutawaliwa ni sawa na kutojua.

Hapa naruka miaka kidogo, kwa sababu jambo lenyewe lipo Tunduma hivi leo. Katikati ya miaka ya 1920 Erwin Marx, pia Mjerumani, alitengeneza mtambo ambao hadi sasa unaitwa kwa jina lake. Chukua kapasita kumi. Zijaze zote kwa pamoja, kila moja kwa volti 100,000, kama ndoo kumi zinazojazwa kwenye bomba moja. Kisha, kwa kutumia mapengo ya cheche, ziunganishe ghafla kwa kufuatana, moja juu ya nyingine. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde utapata karibu volti milioni moja, na chanzo chako cha umeme hakikuzidi 100,000. Ni radi iliyotengenezwa kwa mikono. Mitambo hiyo, mikubwa kama nyumba au midogo ya kubebwa garini, hutumika kupima mambo mengi. Ile midogo, ikiunganishwa na antena zinazofaa, hutoa mapigo mafupi sana ya mawimbi yenye uwezo wa kuona vitu vilivyo nyuma ya ukuta au chini ya ardhi, na majeshi ya mataifa makubwa yanaitafutia kazi ya kuunguza vifaa vya elektroniki vya adui bila risasi. Ajabu yake ni kwamba huko ni kurudi kwa Hertz: cheche na antena, ila safari hii cheche imefundishwa adabu.

Kwa wakazi wa Songwe kazi ya mtambo wa Marx iliyo karibu zaidi haihusu vita. Njia kubwa ya umeme ya kilovolti 400 ya kuunganisha Tanzania na Zambia, kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ina urefu wa zaidi ya kilomita 600 na inapita katika nyanda ambazo kila anayezijua anajua radi zake za masika. Vikombe vinavyoshikilia nyaya za njia ya namna hiyo lazima vivumilie mpigo wa zaidi ya volti milioni moja bila kupasuka. Hakuna mhandisi anayesubiri radi ya Mungu ili kujua kama kikombe ni kizima. Mtambo wa Marx hurusha mpigo unaofika kileleni kwa takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde na kushuka hadi nusu katika sehemu hamsini hivi, nao huo ndio unaokubaliwa duniani kuwa mfano wa radi. Mkoa jirani wa Rukwa umetegemea umeme wa Zambia kwa miaka mingi, kwa hiyo kikombe kizima au kibovu ni suala la wodi ya wazazi, mashine ya kusaga na friji ya chanjo. Mtumishi wa umma anayesaini karatasi za kupokea vifaa hivyo angefaa kujua kwamba nyuma ya cheti cha ubora kuna cheche.

Turudi nyuma, mahali ambapo simu ilikuwa bado ni waya.

Mwaka 1892 Cecil Rhodes alianzisha kampuni ya kuvuta waya wa simu kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Kabla ya waya huo kufika kwetu, waya wa simu wa Rhodes ulikuwa umekwisha kuonyesha tabia yake. Mwaka 1893, karibu na Fort Victoria katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, wanakijiji walikata kipande cha waya. Madini ni madini, na fundi wa bangili hajali yametoka wapi. Maofisa wa kampuni ya Rhodes wakatoza faini ya ng'ombe. Ng'ombe waliolipwa walikuwa wa mfalme Lobengula, naye hakukubali. Mgogoro ukafuata mgogoro, na mwaka huo haukuisha kabla ufalme wa Wandebele haujavunjwa kwa bunduki za Maxim. Sidai kwamba waya ulisababisha vita. Rhodes aliitaka nchi ile kwa vyovyote. Nasema tu kwamba waya ulikuwa tayari ni dola: ukiugusa, umeigusa serikali.

Waya uliendelea. Ulifika Blantyre mwaka 1895, ukapanda kandokando ya Ziwa Nyasa hadi Karonga, ukashika uwanda wa juu kuelekea Ziwa Tanganyika, katika ukanda uleule wa barabara ya Stevenson iliyoanza kujengwa mwaka 1881 kuunganisha maziwa hayo mawili. Mpaka kati ya himaya ya Waingereza na ya Wajerumani ulikuwa umechorwa kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, na uliifuata barabara hiyo kwa makusudi, ili iangukie upande wa Waingereza. Hapo ndipo ilipo siri ya Tunduma na Nakonde. Wanyamwanga waligawanywa kwa sababu ya njia ya mizigo ya kampuni. Mstari huo haukutazama mto wao, lugha yao wala watawala wao. Ulitazama mahali pa kupitisha bidhaa.

Machi 1899 Rhodes alikwenda Berlin kuonana na Kaisari Wilhelm wa Pili, akapata ruhusa ya kupitisha waya wake katika ardhi ya Wajerumani. Waya ukafika Ujiji. Haukwenda mbele zaidi. Rhodes alifariki mwaka 1902, fedha zilikuwa ngumu, na tayari watu wa Ulaya walikuwa wakizungumzia habari zinazosafiri bila nguzo.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, kuhusu neno moja ambalo wahandisi hulipenda: kubebeka. Mvumbuzi wa Ulaya aliposema kwamba mtambo wake unabebeka, alikuwa na maana ya farasi, punda au gari la kukokotwa. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mbung'o alikuwa amekwisha kuamua vinginevyo; mnyama wa mizigo aliyevuka nyika za mbung'o hakufika. Kipimo cha kubebeka kilikuwa kichwa cha mtu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kati ya kilo 25 na 30, bila kuhesabu chakula chake, chungu chake na mkeka wake. Vunja mtambo wa cheche katika sehemu zake: jenereta, koili, vyombo vya kioo vya kuhifadhi umeme, betri za risasi na tindikali, vipande vya mlingoti, marobota ya waya wa antena. Kila sehemu ni mtu, na kila watu kumi wanahitaji mwingine wa kuwabebea unga. Koili ikipungua uzito kwa nusu katika karakana ya Berlin au Chelmsford, mtu mmoja anaokolewa kuvuka Ruaha na mzigo kichwani. Sijapata kukiona kitabu cha historia ya redio kinachoihesabu hesabu hiyo.

Antena nayo ilikuwa na mkaidi wake. Katika Vita vya Makaburu Waingereza walipeleka Afrika Kusini mitambo ya Marconi. Milingoti iliyotakiwa haikuwapo. Wakajaribu mianzi, ikapasuka katika ukame. Wakajaribu kuinua waya kwa tiara na mabaluni, upepo ukawa ama hakuna ama mwingi mno. Ardhi kavu haikupokea umeme vizuri. Jeshi la nchi kavu likakata tamaa, mitambo ikapewa jeshi la wanamaji, na huko baharini, penye milingoti mirefu na maji ya chumvi, ikafanya kazi vizuri sana. Somo hilo halikufutika haraka: kwa miaka mingi simu ya upepo ilikuwa mali ya meli na ya ngome kubwa.

Wajerumani walilielewa hilo upande wa ngome. Nyaya za chini ya bahari zilikuwa karibu zote mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo Berlin ilitaka njia ya angani. Katika koloni letu vituo vya redio vilijengwa Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam kabla ya vita. Katika Togo, mahali paitwapo Kamina, palisimamishwa kituo kikubwa cha kupokea na kurusha habari kati ya Nauen, karibu na Berlin, na makoloni pamoja na meli za Atlantiki. Umbali wa zaidi ya kilomita 5,000 kwa mruko mmoja. Tarehe 5 Agosti 1914 meli ya Waingereza ilikata nyaya za Wajerumani chini ya bahari. Siku mbili baadaye, tarehe 7 Agosti, Alhaji Grunshi, askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza la Afrika Magharibi, alifyatua risasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya jeshi la Uingereza la nchi kavu katika vita hivyo vyote. Alikuwa katika kikosi kilichokwenda kuichukua Togo, na Togo ilitakiwa kwa ajili ya Kamina. Tarehe 8 Agosti manowari Astraea ikapiga mizinga Dar es Salaam ikilenga kituo cha redio. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti Wajerumani wenyewe wakaibomoa Kamina. Mei 1915 Windhoek nayo ikatekwa pamoja na kituo chake. Basi mtu anapowaambia wanafunzi kwamba vita ile ilianza kwa risasi ya Sarajevo, asiseme uongo, lakini aongeze kwamba katika bara hili ilianza kwa kugombea antena.

Kisa cha ndege-puto L 59 ni maarufu kwa wapenzi wa vita, nami nakitumia kwa sababu nyingine. Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck alikuwa amebanwa kusini, karibu na Ruvuma, bila dawa wala risasi za kutosha. Ujerumani ikatuma ndege-puto kubwa kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa imebeba shehena na isiyotarajiwa kurudi. Hata kitambaa chake kilikusudiwa kukatwa hema na nguo. Iliondoka tarehe 21 Novemba. Juu ya jangwa injini iliyoendesha mtambo wa kurushia habari iliharibika. Tangu hapo ilikuwa sikio bila mdomo: ingeweza kusikia, isiweze kujibu. Kupokea hakuhitaji nguvu kubwa. Kurusha ndiko kunakohitaji mapigo ya volti. Usiku wa kuamkia tarehe 23, ilipokuwa Sudan, waya mrefu uliokuwa ukining'inia chini yake ulinasa amri kutoka Nauen: rudini. Ikarudi, baada ya saa 95 angani na kilomita 6,757. Nchi kavu huku wapagazi wa pande zote mbili waliendelea kutembea, maana kwao hakukuwa na antena ya kuwaambia warudi.

Tunafika sasa nyumbani. Mwishoni mwa Septemba 1918, baada ya miezi mingi katika Msumbiji, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kurudi kaskazini. Alipita Ubena, akamwacha huko Jenerali Wahle aliyekuwa mgonjwa, kisha akageuka magharibi. Mwishoni mwa Oktoba kikosi chake kilikuwa Mbozi, penye misheni ya Wamoravian. Mtu anayekwenda leo kukitazama kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma la tani kama 16, anatembea katika nchi ambayo safu ile ndefu ya askari, wapagazi, wanawake na watoto ilipita ikitafuta chakula. Na chakula walichokitafuta kilikuwa ghalani mwa Wanyiha, katika mwezi ambao hata bila vita akiba huanza kupungua.

Mapema Novemba waliishambulia Fife, kituo cha Waingereza kilichokuwa ng'ambo tu ya mpaka, si mbali na mahali malori yanapopanga foleni siku hizi. Fife haikuanguka, walinzi wake walikuwa wamejichimbia vizuri. Lettow-Vorbeck hakung'ang'ania. Akapita, akashuka kusini, na siku chache baadaye Kasama ikawa mikononi mwa watu wake.

Tarehe 11 Novemba vita ilisimama Ulaya. Mnara wa Eiffel huko Paris wakati huo ulikuwa antena kubwa ya jeshi la Ufaransa, na habari za kusimamisha vita ziliruka angani kwa kasi ya mwanga. Kwa kasi hiyo habari inavuka kutoka Paris hadi Kasama kwa muda mfupi kuliko kupepesa kope. Haikuvuka. Iliyovuka ni simu ya waya iliyokuja kutoka kusini, kisha karatasi mkononi mwa Mwingereza aliyepanda pikipiki. Tarehe 13 Novemba askari wa Lettow-Vorbeck walimkamata mpanda pikipiki huyo na kuzisoma karatasi zake. Asubuhi iliyofuata, katika mto Chambeshi, ofisa wa utawala Hector Croad akamthibitishia jenerali habari hiyo; mnara wa kumbukumbu upo hapo hadi leo. Redio ilikuwa imetumia miaka minne kuongoza manowari, kuirudisha ndege-puto na kugharimu Togo nzima. Lakini hapa, mwisho wa njia, amani ililetwa na gurudumu na mguu. Kati ya saa tano ya asubuhi ya tarehe 11 na asubuhi ya tarehe 14 kulikuwa na siku karibu tatu za vita ambayo haikuwapo tena.

Siku tatu kwa jenerali ni mstari mmoja katika kumbukumbu zake. Kwa mpagazi ni mizigo mitatu, kambi tatu, na uwezekano wa kufa mara tatu.

Upande wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasa wapagazi hao waliitwa tenga-tenga. Takwimu rasmi za Waingereza kwa kampeni nzima ya Afrika Mashariki zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria wa baadaye wanaikadiria idadi kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa. Wale waliobebeshwa mizigo na Wajerumani hawakuhesabiwa vizuri na mtu yeyote. Askari ana namba, ana bunduki iliyoandikishwa, ana mshahara katika daftari. Mpagazi aliyeshikwa kijijini Jumanne ili abebe gunia hadi kijiji cha tatu hana hata daftari. Ndiyo maana katika utafiti wa vita hii katika mkoa wetu napata majina ya makapteni kwa urahisi, na majina ya milima, na aina za mizinga, na karibu sipati jina hata moja la mtu aliyebeba koili, betri au robota la waya.

Tarehe 25 Novemba 1918 kikosi kile kilisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala: Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, wapagazi zaidi ya 1,500, na wanawake waliowafuata. Lettow-Vorbeck aliwaomba Waingereza fedha za kulipa malimbikizo ya mishahara ya askari wake, wakakataa. Akawaandikia askari vyeti vya madai. Wakapelekwa Kigoma kwa maji, kisha kambini Tabora, na huko homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia ikawaua wengi waliokuwa wamenusurika miaka minne ya risasi. Waingereza nao walikuwa na deni lao. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa katika utumishi wao haikuwafikia jamaa zao, na serikali ya London ilipoulizwa baada ya vita ilisita, ikavuta, ikakataa.

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kulipwa kwa askari waliokuwa bado hai. Wazee walijitokeza, wengine wakiwa na kipande cha cheti kilichokunjwa kwa miaka 46, wengine bila chochote. Malipo hayo yalikuwa ya askari. Aliyebeba mzigo hakuwa na cheti cha kuonyesha, wala hakuwekewa dirisha la kupangia foleni.